Konokono Mdogo wa Msitu na Udongo wa Mashamba Yetu

Ndugu wasomaji, ninyi watu wa vijiji vya Kambove, na ninyi nyote mnaokaa karibu na mashimo ya shaba, somo hili ni juu ya mnyama mdogo sana. Najua wengine mtacheka. Mtasema: «Moniteri ametufundisha mahindi, mihogo na karanga. Sasa anataka kutufundisha konokono! Je, huyu analiwa? Anauzwa sokoni Likasi?» Ngojeni kidogo. Someni mpaka mwisho, ndipo mcheke mkitaka. Maana mnyama huyu ni shahidi wa udongo. Mahali anapokaa, udongo ungali mzima. Mahali alipotoweka, mwenye shamba aanze kufikiri.

1. Sababu ya somo hili

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, nilikwenda kutazama mashamba ya kijiji kimoja cha upande wetu. Mama mmoja mzee alinipeleka shambani kwake. Mahindi yake yalikuwa ya manjano, mafupi, hayafiki magotini. Nikamwambia: «Mama, palilia vizuri, tena fagia majani yote uyachome, shamba liwe safi.» Ndivyo nilivyozoea kusema kila mahali.

Yule mama hakunijibu. Aliinama, akateka udongo wa shamba kwa mkono wa kushoto. Kisha akaniongoza mpaka kwenye kipande cha msitu mzito kilichobaki kando ya kichuguu kikubwa, ule msitu tunaouita muhulu. Akafunua majani makavu, akateka udongo wa chini yake kwa mkono wa kuume. Akasema: «Mwanangu, tazama. Huu wa kushoto ulikuwa sawa na huu wa kuume siku nilipoolewa. Nimefagia na kuchoma miaka yangu yote. Sasa niambie, nani ameula?»

Nilitazama. Udongo wa kuume ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye harufu nzuri ya mvua. Ndani yake niliona vipunje vyeupe. Nikasema: «Mama, hivi ni mchanga.» Akacheka, akasema: «Mchanga hauna mlango.»

Nikaleta kipunje kimoja karibu na jicho. Kweli, kilikuwa na mlango. Kilikuwa nyumba ya konokono, ndogo kama punje ya ulezi. Mimi mwalimu niliona haya, maana nilikuwa nimekanyaga nyumba hizo miaka mingi bila kuziona. Tangu siku hiyo nilianza kujifunza habari zake, na nilipojifunza niliona kwamba shauri langu la kufagia na kuchoma halikuwa shauri jema. Ndiyo sababu ninawaandikia.

2. Konokono hawa ni nani

Watu wengi wanamjua konokono mkubwa tu, yule anayetambaa bustanini wakati wa mvua. Lakini katika msitu wa Afrika walio wengi ni wadogo sana. Wengine hawafiki urefu wa punje ya mchele. Wengine, hata akiwa mzee, hazidi milimeta mbili. Hukaa katika majani yanayooza, chini ya magogo, katika nyufa za mawe na chini ya magamba ya miti.

Msidhani ni namna moja tu. Huko Kameruni wachunguzi wawili walitafuta konokono katika kipande cha msitu cha kilometa moja ya mraba. Mwaka 1998 waliandika hesabu yao: namna 97 za konokono wa nchi kavu katika kipande hicho kimoja. Katika nchi yetu ya Kongo, wasafiri wawili, Herbert Lang na James Chapin, walikusanya wanyama tangu mwaka 1909 mpaka 1915, hasa upande wa kaskazini na mashariki. Konokono waliokusanywa waliandikwa na mtaalamu Henry Pilsbry katika kitabu kikubwa cha mwaka 1919.

Wadogo hawa tuwagawe katika makundi mawili, ili tukumbuke vizuri.

Kundi la kwanza ni walaji wa vitu vilivyooza. Hula majani laini yaliyokufa, ukungu, na utando wa kijani unaoota juu ya mawe na magome. Nyumba zao nyingi zina rangi ya kahawia, nyembamba, zinapitisha mwanga.

Kundi la pili ni wawindaji. Wenye elimu huita jamii yao moja kwa jina la Gulella. Wako wengi katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Nyumba ya Gulella ni nyeupe, ndefu kama pipa dogo, na katika mlango wake mna meno ya chokaa, kama mtu aliyeweka vijiti mlangoni ili mwizi asiingie. Huyu hali majani. Anawawinda konokono wenzake na wadudu laini. Basi hata katika kiganja kimoja cha majani makavu mna mwindaji na mwindwa, kama porini.

3. Mwili wake

Konokono ana nyumba, mguu na kichwa. Mguu wake ni mmoja, mpana, unaotoa ute, na juu ya ute huo hutambaa. Kichwani ana pembe laini. Wengi wana pembe nne, na macho yao yako kwenye ncha za zile ndefu. Kinywani ana ulimi wenye meno madogo sana, safu kwa safu, na kwa ulimi huo anakwangua chakula kama fundi seremala anavyokwangua ubao.

Nyumba yake anaijenga mwenyewe kwa chokaa. Haipati bure. Anaipata katika chakula chake na katika udongo. Kila anapokua anaongeza kidogo penye mlango. Mahali pasipo chokaa, nyumba inakuwa nyembamba na dhaifu, au konokono hawezi kuishi kabisa.

Adui wake mkubwa ni ukavu. Mwili wake ni maji matupu. Kwa hiyo anatembea usiku na siku za mvua. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa na zaidi, anajificha mahali penye ubaridi, anaingia ndani ya nyumba, na wengi wanafunga mlango kwa ute unaokauka kama karatasi. Hapo analala bila kula, akingoja mvua. Sasa fikirini: moto wa pori unapita wakati gani? Unapita wakati huohuo amelala, hawezi kukimbia. Hata kama angekuwa macho, angekimbilia wapi kwa mguu mmoja?

4. Kazi yake katika msitu

Jani linapoanguka chini haligeuki kuwa udongo peke yake. Liko jeshi la wafanyakazi. Mchwa wako, minyoo iko, jongoo wako, uyoga uko, na viumbe vingine vidogo visivyoonekana kwa macho. Konokono mdogo ni mmoja wa jeshi hilo. Nisiseme uwongo: yeye si mkubwa wa kazi. Mchwa na uyoga wanafanya nyingi kuliko yeye. Lakini anayo kazi yake maalum, nayo ni kutunza chokaa.

Sikilizeni njia ya chokaa. Mizizi ya mti inashuka chini sana, inanyonya chokaa pamoja na maji. Chokaa inapanda mpaka kwenye majani. Jani linakufa, linaanguka. Konokono analila, anaiweka chokaa katika nyumba yake. Konokono akifa, nyumba yake inabaki juu ya udongo, inayeyuka polepole, na mizizi midogo inaichukua tena. Hivyo chokaa inazunguka kama mali ya jamaa, inatoka mkono huu na kuingia mkono ule, haitoki nje ya nyumba.

Tena konokono ni chakula. Mende wengine wa msituni humla. Watoto wa vimulimuli humla. Ndege humla, hasa wakati wa kutaga, maana ganda la yai nalo ni chokaa. Katika nchi ya Uholanzi wachunguzi waliona ndege wadogo wa msitu wanataga mayai yenye ganda bovu, yanavunjika au yanakauka. Wakatafuta sababu. Wakaona kwamba udongo wa msitu ule umeishiwa chokaa, kwa sababu ya mvua iliyochanganyika na moshi wenye asidi, na konokono wamepungua. Walipowawekea ndege nyumba za konokono na maganda ya mayai ya kuku, mayai yao yakawa mema tena. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1994. Mnaona? Konokono akikosa, ndege anakosa.

5. Chokaa, majivu na shamba la mwaka wa tatu

Sasa tumefika kwenye jambo la mashamba. Udongo mwingi wa nchi yetu ya Katanga ni mwekundu au wa manjano, wa zamani sana, umeoshwa na mvua za miaka elfu nyingi. Ni udongo mchungu, wenye chokaa kidogo. Mali yake haiko chini. Iko juu, katika miti na katika majani yaliyooza.

Mtu anapokata miti na kuichoma, majivu yanaleta chokaa nyingi mara moja. Ndiyo sababu mwaka wa kwanza mahindi ni mazuri. Mwaka wa pili yanapungua. Mwaka wa tatu mwenye shamba anasema: «Shamba limechoka, nitakata mahali pengine.» Lakini shamba halikuchoka kwa kulimwa tu. Moto umetoa chokaa yote kwa siku moja, na mvua za miezi mitano zimeichukua mpaka mtoni. Majani yanayooza yanatoa chakula kidogo kidogo, kama mama anayegawa bukari kwa watoto. Moto unatoa chakula chote kwa mara moja, kama mlevi anayekula mshahara wake siku ya kulipwa.

Wazee wetu walijua jambo hili. Walikata, walilima, kisha waliacha pori lirudi miaka mingi. Wakati ule watu walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa. Leo mashimo yamechukua nchi, miji imekua, watu wameongezeka. Mahali pa kuhamia hapana, au pako mbali, na mama anaondoka nyumbani jogoo wa kwanza akiwika.

6. Shaba na konokono

Ninyi watu wa Kambove mnajua shaba kuliko mimi. Wazee wetu waliifua kabla ya mashine yoyote. Waliitafuta kwa kutazama vilima: palipo wazi bila miti, pana majani mafupi na maua ya namna yake, ndipo walipochimba. Maana shaba nyingi katika udongo inaua miti, inabakiza tu majani yaliyoizoea.

Ajabu ya konokono ni hii. Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu ina chuma. Damu ya konokono wa nchi kavu haina rangi hiyo. Ina shaba mahali pa chuma, na ikipata hewa inakuwa na rangi ya samawati kidogo. Basi kila konokono ana shaba mwilini mwake. Lakini kitu kinachomlisha kidogo kinamwua kikizidi. Mrututu, ile dawa ya samawati itokayo katika shaba, ni sumu kali kwa konokono. Zamani, katika nchi kama Misri na Sudani, waliutia mrututu katika mifereji ili kuwaua konokono wa maji wanaoleta kichocho.

Kwa hiyo msishangae mkikosa konokono juu ya kilima cha shaba. Hapo ndivyo ilivyo tangu zamani. Lakini pale ambapo zamani palikuwa msitu, na sasa vumbi la mchanga wa kiwanda au maji ya kuoshea mawe yamepita, mkiona konokono wametoweka na majani hayaozi, hiyo ni alama. Msilime mboga hapo. Msichote maji ya kunywa hapo. Mwambieni mkubwa wa kijiji, naye apeleke habari kwa wenye mamlaka.

Mfano mkubwa uko Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Tanuru ya shaba ilianza kuyeyusha pale mwaka 1911, ikaendelea mpaka miaka ya 1990. Moshi wake ulikuwa na kiberiti na vumbi la madini. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, basi moshi ulikwenda kaskazini-magharibi miaka zaidi ya themanini. Upande ule msitu ulikufa, ikabaki nchi tupu na majani mafupi, hata tanuru iliponyamaza. Msitu unaweza kufa kwa miaka michache, lakini kurudi kwake ni kazi ya wajukuu.

7. Moto na makala

Sasa niseme neno lililo gumu. Wengi wenu mnachoma makala. Nami najua sababu: chumvi, sabuni, nguo, karatasi za shule za watoto. Likasi na Lubumbashi wanapika kwa makala, nao wananunua. Sitawaambia muache leo, maana mtu hawezi kuacha kazi inayomlisha bila kupata nyingine. Lakini nitawaambia namna ya kufanya ili watoto wenu nao wakute miti.

Miti ya miombo ina wema mmoja: ukiikata na kuacha kisiki na mizizi mizima, inachipua tena. Lakini moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukipita juu ya machipukizi mwaka hata mwaka, yanakufa, na mahali pake panakuwa majani marefu tu. Jambo hili lilijaribiwa huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo leo Zambia. Tangu mwaka 1933 walitenga vipande vya msitu. Kimoja walikichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi. Kingine walikichoma mapema, majani yangali na ubichi. Kingine hawakukichoma kabisa. Baada ya miaka mingi, kile cha moto wa mwisho kilipoteza miti, kikawa majani. Kile cha moto wa mapema kilibaki na miti. Kile kisichochomwa kilianza kugeuka kuwa msitu mzito wenye kivuli. Moto wa mwisho ndio adui. Huo ndio unaomkuta konokono amelala, huo ndio unaokula majani yote mpaka udongo unabaki uchi, na mvua ya kwanza inauchukua.

Tena kumbukeni uyoga na vinkubala. Uyoga mwingi tunaokula hapa unaishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo. Mti ukiondoka, uyoga huo unaondoka naye. Vinkubala hula majani ya miti hiyohiyo. Basi anayechoma pori ovyo anachoma chungu cha mama yake.

8. Vichuguu vikubwa

Mungu ametupa msaada mmoja katika nchi hii: vichuguu vile vikubwa. Vingine vinafika mita nane kwenda juu. Wachunguzi waliopima udongo wa vichuguu karibu na Lubumbashi waliona vingine vina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Vilianzwa kujengwa kabla ya babu wa babu zetu. Katika udongo wake mna chokaa nyingi kuliko katika udongo wa pembeni, hata vinaonekana vipande vyeupe vya chokaa ndani yake. Ndiyo sababu miti ya juu ya kichuguu si ile ya porini, na ndiyo sababu mihogo na mahindi ya kando yake yanastawi. Mkitaka kumtafuta konokono mdogo, anzeni hapo, chini ya majani yaliyo kwenye mguu wa kichuguu chenye kivuli.

9. Msichanganye konokono

Si kila konokono ni rafiki. Yako mambo mawili ya kujua.

Kwanza, konokono mkubwa na yule asiye na nyumba hula mboga. Mkiwaona katika lengalenga na kabichi, waokoteni kwa mkono alfajiri, au wawekeeni ubao uliolowa, wajifiche chini yake, asubuhi muwaondoe. Majivu makavu kuzunguka tuta yanawazuia, lakini mvua ikinyesha muweke mengine. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakiwagusa, na mtu asile konokono asiyepikwa sana, maana wengine wana minyoo inayodhuru. Wale wadogo wa majani makavu hawali mboga zenu. Msiwaue.

Pili, konokono wa maji ni jambo jingine kabisa. Ugonjwa wa kichocho unatoka kwa kidudu kilichoonekana mara ya kwanza na mganga Theodor Bilharz, mjini Kairo, mwaka 1851. Kidudu hicho kinakaa kwanza katika konokono wa maji yaliyotulia, kisha kinaingia katika ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Konokono wa kichocho cha tumbo ana nyumba bapa, iliyojikunja kama kamba, na damu yake ni nyekundu. Konokono wa msitu hana kichocho. Mtoto akichoka sana, akiumwa tumbo, akitoa damu chooni au katika mkojo, apelekwe hospitali, dawa iko. Wala mtu asijisaidie mtoni au kando ya mto, maana mayai ya kidudu yanapita hapo.

10. Msihamishe wanyama

Wengine watasema: «Kwa kuwa Gulella anawinda konokono, tumpeleke bustanini awale waharibifu.» Hapana. Wengine walifikiri hivyo, wakajuta. Konokono mkubwa wa pwani ya Afrika ya mashariki alichukuliwa na watu mpaka Asia na visiwa vya Pasifiki, akawa mharibifu wa mashamba. Ili kumwua, konokono walaji walipelekwa visiwani miaka ya 1950, na mmoja wao alitoka Kibwezi katika Kenya. Mwingine alitoka Marekani, akapelekwa kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Huyo hakumwacha mkubwa tu, aliwafuata konokono wadogo wa kisiwa, wasio na kosa. Kufika mwaka 1987, namna zote za Partula za Moorea zilihesabiwa kuwa zimekwisha porini. Mnyama aliyewekwa mahali pake ni mlinzi. Ukimpeleka mahali pengine anaweza kuwa mwizi.

11. Jaribio la kufanya wenyewe

Msiniamini kwa maneno tu. Fanyeni hivi, pamoja na watoto wa shule, baada ya wiki chache za mvua.

Chukueni kitambaa cheupe na kichungio cha unga. Teka viganja vitano vya majani yaliyooza chini ya miti isiyochomwa. Yakaushe kidogo kivulini, uyachunge juu ya kitambaa, uhesabu nyumba za konokono, nzima na zilizovunjika. Fanya vilevile mahali palipochomwa mwaka jana. Fanya vilevile katika shamba la mwaka wa tatu. Andika hesabu tatu, uzilinganishe.

Kisha weka nyumba moja tupu katika kijiko, uitie maji ya ndimu. Ngoja, tazama karibu. Vitatokea vipovu vidogo. Hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Jaribu na ganda la yai, utaona vilevile. Jaribu na kipande cha lile jiwe la chokaa la Kakontwe, karibu na Likasi, utaona ni ndugu zao.

12. Mambo ya kushika

Moja. Msifagie na kuchoma majani na mabua shambani. Yalazeni katikati ya mistari, yaoze, yafunike udongo.

Mbili. Kama lazima kuchoma pori, chomeni mapema, mwezi wa tano au mwanzo wa sita, siku isiyo na upepo, na watu wakilinda.

Tatu. Mkikata miti ya makala, acheni visiki vizima, acheni kikundi cha miti mikubwa kila mahali, wala msikate kando ya vijito na juu ya vichuguu.

Nne. Acheni magogo machache yaoze chini. Si uchafu. Ni nyumba ya wafanyakazi.

Tano. Udongo wa kichuguu kilichokufa na kubomoka unaweza kutandazwa shambani kabla ya kulima. Kisichokufa kiacheni. Maganda ya mayai na majivu ya jikoni nayo msitupe, yapelekeni bustanini.

Sita. Badilisheni mazao: baada ya mahindi pandeni maharagwe au karanga.

Saba. Kila kijiji kiwe na kipande kimoja cha msitu kisichoguswa. Kutoka hapo mbegu, ndege na wanyama wadogo watarudi siku pori likipona. Maana konokono mdogo hasafiri. Akimalizika mahali, hawezi kuja kutoka mbali kama ndege.

Maulizo

1. Konokono mdogo wa msitu anapata wapi chokaa ya nyumba yake?
2. Kwa nini shamba lililochomwa linazaa vizuri mwaka wa kwanza na vibaya mwaka wa tatu?
3. Damu ya konokono wa nchi kavu ina madini gani? Yakizidi, inakuwaje?
4. Moto wa mwisho wa kiangazi unamkuta konokono katika hali gani?
5. Tofauti gani kati ya konokono wa majani makavu na konokono wa kichocho?
6. Kijijini kwenu, msitu usiochomwa umebaki wapi? Nani anaulinda?

Neno la mwisho. Yule mama mzee sikumjibu siku ile. Mwaka uliofuata nilirudi kwake. Hatukufagia tena. Tulilaza mabua chini, tukatandaza makapu ya udongo wa kichuguu kilichobomoka, tukapanda maharagwe. Mavuno hayakuwa ya ajabu, maana udongo ulioliwa miaka thelathini haurudi kwa miezi sita. Lakini majani ya maharagwe yalikuwa ya kijani. Alifunua mabua kwa kidole, akatazama sana, akasema: «Bado hawajarudi, mwanangu. Lakini minyoo imekuja. Wenyewe watafuata, kama msitu ule hautakatwa.»

Ndugu zangu, msitu ule ungali umesimama kando ya kichuguu. Kukaa kwake si kazi ya moniteri. Ni kazi yenu.